Kusoma samaki: Ziwa Tanganyika au Ziwa Victoria?

Anayetafuta mada ya mageuko ya samaki hukwama hapa: aende Kigoma, kwenye Tanganyika, au Mwanza, kwenye Victoria?

Kwa umri, Tanganyika halina mpinzani. Lina miaka ipatayo milioni 10, na koo za samaki wake zimeachana zamani sana. Wapo samaki wanaokula magamba ya wenzao, ambao midomo yao imepinda, mmoja kushoto, mwingine kulia, kutegemea ubavu wanaoushambulia! Victoria lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha likazaa mamia ya spishi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo. Ukitaka kuziona spishi zikiwa bado zinaachana, nenda huko. Ila kuzitambua ni kazi. Nyingine hutofautiana rangi tu, na DNA zao zinakaribiana mno.

Uwandani, Tanganyika ni rahisi: maji ni maangavu, unapiga mbizi na kuwahesabu samaki kwa macho. Mwanza utategemea nyavu.

Kwa uhifadhi, naona Victoria lina somo zito zaidi. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950, akashamiri miaka ya 1980, na inakadiriwa spishi 200 hivi za furu zikatoweka. Maji nayo yakachafuka, majike wakashindwa kutofautisha rangi za madume, spishi zikaanza kuchanganyika. Tishio la Tanganyika ni la kimyakimya: tabaka la juu likipata joto, virutubisho vya kilindini havipandi.

Mwenye muda mfupi na anayependa tabia za samaki, Kigoma itamfaa. Mwenye maabara ya jenetiki nyuma yake, au anayelenga sera za uvuvi, aanzie Mwanza.