Misimu sita ya Fresh Prince sebuleni kwetu Nkuhungu

Tumemaliza kuangalia The Fresh Prince of Bel-Air, misimu yote 6, sehemu 148, mimi na watu wa nyumbani kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Naomba niisemee, maana sijaona komedi ya kifamilia iliyoikamata nyumba yetu namna hii. Kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani kiliirusha kuanzia Septemba 1990 hadi Mei 1996. Wengi wa rika langu tuliiona vipande vipande, leo hiki kesho kile. Kuiangalia kwa mfululizo kwenye DVD, kila jioni baada ya chakula, ni habari nyingine kabisa.

Kisa chenyewe mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa sana. Will, kijana wa Philadelphia ya magharibi, anaingia kwenye ugomvi uwanjani, mama yake anaingiwa na hofu, anamfungashia mizigo na kumpeleka kwa dada yake aliyeolewa na mwanasheria tajiri kule Bel-Air, Los Angeles. Sasa tazama mji wetu. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kianzishwe 2007, na tangu serikali ianze kuhamia huku 2016, mwenye chumba cha ziada hakosi kupigiwa simu kutoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni aambiwe mtoto anakuja, mpokee. Mimi mwenyewe naishi na mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu. Amekuja na maneno yake, mavazi yake na njaa yake ya saa nne usiku, na anagombania rimoti na wanangu kama wamezaliwa tumbo moja. Kwa hiyo Will alipoingia kwenye ile nyumba kubwa na kofia yake ameigeuza pembeni, sisi tulikuwa tumeshamjua.

Aliyetushika zaidi ni Uncle Phil, yule mwanasheria mwenye nyumba. James Avery, aliyemwigiza, alifariki 31 Desemba 2013, na nasema bila kusita kwamba bila yeye hii ingebaki komedi ya vichekesho vya juu juu. Ni mtu mkubwa wa umbo, sauti inatoka kifuani, akikasirika hata sisi sebuleni tunanyamaza. Kitu kizuri zaidi ni namna anavyosikiliza. Mtazame wakati mwenzake anaongea: hachezichezi, hasubiri zamu yake ya kusema, macho yanamfuata mtoto. Mwanzoni waandishi walimtania mno kwa unene wake na hilo halikunifurahisha, lakini Avery hakuwaachia wamgeuze kikaragosi.

Kuna sehemu moja ya msimu wa 4, ya Mei 1994, ambayo ningependa kila mzazi anayelea mtoto wa ndugu aione. Baba yake Will, Lou, dereva wa lori, anatokea baada ya miaka 14 ya kupotea. Ben Vereen anamwigiza kwa mvuto kiasi kwamba unampenda, na hapo ndipo ubaya ulipo. Anamwahidi mwanaye watasafiri pamoja, Will anafunga mizigo, Lou anaahirisha na kuondoka zake. Will anajifanya haijamuuma. Anaanza kuhesabu yote aliyojifunza bila baba: kurusha mpira wa kikapu, kuendesha gari, kunyoa ndevu. Sauti inapanda, mkono unarushwa hewani, halafu anavunjika na kuuliza kwa nini baba yake hamtaki. Avery hasemi kitu. Anamvuta na kumkumbatia, kofia ya Will inadondoka, na kamera inatulia kwenye kinyago cha baba na mtoto ambacho Will alimnunulia Lou kama zawadi.

Hapa katikati ya nchi, malori ya kwenda Singida na Mwanza yanapita usiku na mchana, na watoto ambao baba zao hupiga simu wanapokumbuka hawajapungua. Ile sehemu ilipoisha, mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. Mama yangu, ambaye Kiingereza hakimpandi na huwa anafasiriwa na wajukuu, hakuomba afasiriwe.

Will Smith, anayemwigiza Will, alikuja pale akiwa mwanamuziki wa kufokafoka, hajasomea uigizaji. Ukiwa makini kwenye sehemu za mwanzo utaona midomo yake ikicheza wakati wenzake wanaongea, kwa sababu alikariri maneno ya watu wote. Wanangu waligundua, ukawa mchezo wao. Mimi nilichokipenda ni kuona kijana anakua kazini mbele ya macho yako: yule wa 1990 na yule wa 1994 aliyelia kifuani kwa Avery ni waigizaji wawili tofauti.

Carlton, mtoto wa kiume wa Uncle Phil anayeigizwa na Alfonso Ribeiro, ndiye kipenzi cha watoto, na ile dansi yake ya kuchezesha mikono kwa wimbo wa Tom Jones sasa inachezwa jikoni kwangu hata bila muziki. Lakini msimchukulie poa. Kwenye msimu wa kwanza, yeye na Will wanakamatwa na polisi wakiendesha gari la kifahari la mshirika wa Uncle Phil, kwa kuwa tu ni vijana weusi kwenye gari la namna ile. Carlton anabaki anaamini polisi walifanya kazi yao, anamuuliza baba yake kama yeye asingelisimamisha gari lile, na baba yake anamwambia kwamba na yeye alijiuliza hivyohivyo aliposimamishwa kwa mara ya kwanza. Ribeiro anabaki peke yake, na uso wake unaonyesha imani yake imeanza kutikisika.

Geoffrey, mtumishi wa nyumba, ni Joseph Marcell, mzaliwa wa Saint Lucia aliyekomaa kwenye majukwaa ya Uingereza hadi kumwigiza King Lear wa Shakespeare. Neno moja tu kutoka kwake na sebule nzima inacheka. Hilary na Ashley, mabinti wa Uncle Phil, wako vizuri. Jazz, rafiki wa Will, ndiye wa kurushwa nje ya mlango na Uncle Phil, na wanangu walimjua kwa shati: akiingia na lile shati, wanaanza kushangilia kabla hajafika mlangoni, maana picha ya kurushwa ilikuwa inarudiwa ileile.

Kasoro zipo. Kubwa ni kubadilishwa kwa mama wa nyumba. Janet Hubert alimwigiza Vivian misimu mitatu ya kwanza, akiwa mwanamke msomi, mkali, anayejisimamia. Mtafute siku anapotimiza miaka 40 na kuingia darasa la dansi, utampigia makofi. Kuanzia msimu wa 4 akaingia Daphne Maxwell Reid. Ni mwigizaji mzuri, lakini waandishi walimpa Vivian mpole mno, na nyumba ikapoteza nguzo. Nilifurahi kuona mwaka 2020 Hubert na Will Smith, waliokuwa wamekosana, wamekaa chini wakapatana. Msimu wa mwisho nao umechoka, wageni wengi na mapenzi ya kuvutwavutwa. Tena hakuna maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo wazee watahitaji mtu wa kuwafasiria, na utani mwingi wa Marekani ya miaka ile utawapita.

Mwenye watoto wadogo aiangalie kwanza peke yake ile ya msimu wa 5 ambayo Will anapigwa risasi na Carlton anatafuta bastola; ni nzito na wa chini ya miaka 10 wataogopa. Kwa anayetaka kuonja kabla ya kutoa hela yake, asianze na sehemu ya kwanza kabisa, bado ilikuwa inajitafuta. Aanze na ile ya polisi, kisha aruke hadi ya Lou. Zikimgusa hizo mbili, anunue misimu minne ya kwanza, wa 5 akipenda, na wa 6 auache dukani.