Sarafu za fedha zenye rangi: inamisha kwanza, bei baadaye

Kwenye maonyesho ya sarafu nilinunua dola ya Morgan, sarafu ya zamani ya fedha ya Marekani, ya 1881 iliyopigwa San Francisco. Upande wa kichwa ulijaa zambarau na buluu, na muuzaji alikuwa ameiweka chini ya taa kali. Nililipa mara tatu ya bei ya nyingine isiyo na rangi. Kesho yake niliipeleka dirishani, nikaona rangi imelala juu kama rangi ya kucha, na chini yake hakuna mng'ao wowote. Iliniuma zaidi kwa sababu dola za San Francisco za mwaka ule zinasifika hasa kwa mng'ao.

Wanunuzi wengi huuliza tu kama rangi ni ya asili au imepikwa, yaani imetiwa na mtu kwa makusudi. Mimi naangalia mng'ao. Rangi hizi ni utando mwembamba wa salfaidi ya fedha. Kadiri unavyonenepa, rangi huhama kutoka dhahabu kwenda zambarau, buluu, kijani, hatimaye weusi. Ukinenepa kupita kiasi, hata ule wa asili kabisa, unazima mng'ao. Kwa hiyo shika sarafu kwa ukingo, uinamishe polepole huku na huku. Miale ya mwanga izunguke kama spoki za gurudumu la baiskeli, ipite ndani ya rangi bila kukatika. Ikikatika katikati ya buluu, irudishe. Omba pia kuitazama mbali na taa ya mezani. Muuzaji akikataa, mshukuru uondoke.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni Morgan za mifukoni zilizo ndani ya kasha la plastiki la PCGS, kampuni inayokagua na kupanga sarafu kwa daraja. Hazina ya Marekani ilizitunza dola hizi miaka mingi katika mifuko ya turubai, 1,000 kila mfuko. Iliyogusana na turubai ilipata rangi, na pale ilipofunikwa na mwenzake pakabaki hilali nyeupe. Nyingine zina hata alama za nyuzi za kitambaa. NGC, washindani wao, nao wanafanya kazi nzuri, lakini kwa rangi nalala usingizi nikiwa na PCGS.

La pili ni sarafu zilizokaa kwenye albamu za sarafu za zamani za Wayte Raymond, mchapishaji wa Kimarekani. Salfa ya karatasi ilizishika kuanzia ukingoni, ndiyo maana rangi zake hujipanga duara ndani ya duara. La tatu ni zilizotoka kwenye seti za kiwanda cha sarafu cha Marekani za 1947 hadi 1958, zilizofungwa kwenye karatasi ngumu. Mara nyingi upande mmoja unapendeza na mwingine umeingia weusi, kwa hiyo geuza.

Zile za bei rahisi zisizo na kasha, ziache.

Sasa kuuza. Ile ya 1881 niliipitisha meza tano za wauzaji, kila mmoja akafungua kitabu cha bei na kuniambia rangi ni suala la macho ya mtu. Sawa, yangu haikustahili. Lakini baadaye nilipeleka Morgan ya mfukoni yenye hilali safi na mng'ao unaozunguka, nikaambiwa maneno yaleyale, na wauzaji walewale waliokuwa wakidai nyongeza kubwa kwa kila sarafu ya rangi kwenye meza zao. Hii si haki, na wanajua. Nzuri kama ile siipitishi tena mezani. Naipiga picha mbili, moja imelala na moja imeinamishwa, kisha naipeleka mnadani, wakutane wawili wanaoitaka.