Bodi ya Linux iliyogoma kuona memori kadi: uzoefu wangu wa miaka miwili

Kwa miaka miwili sasa bodi hii ndogo ya Linux (kompyuta nzima kwenye bodi moja, mfumo wake uko kwenye memori kadi) inatunza hesabu za duka la mjomba kule Tanga. Inaenea kiganjani, haina feni, na umeme ukikatika pawabenki inaibeba. Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya sloti ya memori kadi, iliyonimalizia siku tatu na nusura niitupe bodi nzima.

Asubuhi moja mjomba alinipigia: "Mjomba, hiki kidude leo kimegoma." Nilipofika nikakuta taa nyekundu imewaka, ya kijani inacheza kidogo halafu kimya. Nikajua kadi imekufa. Nikanunua nyingine, nikaweka mfumo upya, hali ikawa ile ile. Ile ya zamani nilipoichomeka kwenye laptop, mauzo yote yalikuwemo, hata ya jana yake.

Kilichonifungua macho ni adapta ya siriali ya USB, inayoonyesha kwenye laptop maneno ambayo bodi inaandika ikiwaka. Nyaya tatu tu: GND (waya wa ardhi) kwa GND, TX (ya kutuma) kwa RX (ya kupokea), RX kwa TX, kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Chukua ya volti 3.3, maana ya volti 5 inaweza kuunguza pini. Nikaona U-Boot (programu ndogo inayoamsha bodi) inaisoma kadi bila shida na kupakia kerneli (kiini cha Linux), kisha maneno yakaganda hapa: "Waiting for root device", yaani inasubiri kadi yenye mfumo. Yaani kerneli imetolewa kwenye kadi, halafu ikishaamka inasema kadi haipo!

Chanzo ni swichi iliyomo ndani ya sloti. Ni kibati chembamba ambacho kadi hukisukuma kikagusa GND, na kerneli huisoma pini hiyo kujua kama kuna kadi. U-Boot ya bodi yangu haijali pini hiyo, ndiyo maana ilipita. Nilipima kwa mita: kadi ikiwa ndani ilitakiwa isome volti 0, yangu ilisoma 3.3. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona ukoga wa kijani kwenye kibati. Duka liko karibu na bahari, na hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Nilisugua kwa spiriti na mswaki laini, ikashika siku moja, ikaachia tena.

Basi nikaenda kwenye programu. Faili la dtb ndilo linaloieleza kerneli bodi ina nini na kila kitu kiko pini gani. Weka nakala yake kwanza! Nikalifungua kwenye laptop yenye Linux:

dtc -I dtb -O dts -o bodi.dts bodi.dtb

Amri hiyo inaligeuza kuwa maandishi ya kusomeka. Kwenye sehemu ya mmc (memori kadi) ya sloti hiyo nikaongeza mstari wa broken-cd, unaosema swichi ya kutambua kadi ni mbovu. Nikarudisha faili, nikawasha, wapi! Hapo nilipoteza jioni nzima. Kumbe mstari wa cd-gpios, unaotaja pini ya ile swichi, ukibaki, kerneli bado inaiamini ile pini. Nikaufuta, nikabakiza broken-cd peke yake, nikalirudisha faili kuwa dtb. Safari hii konsoli (yale maneno ya kwenye adapta) ikaandika mmcblk0, ndilo jina la kadi, na sehemu zake, mfumo ukapanda mpaka mwisho. Sasa kerneli inaichungulia sloti yenyewe kila sekunde, bila kutegemea swichi.

Kama wewe konsoli inakuandikia "error -110", huo ni ugonjwa mwingine: kadi imeonekana ila haijibu kwa wakati. Hapo anza na chaja na kadi yenyewe, usihangaike na dtb.

Jambo moja la kuangalia: sasisho la kerneli huja na dtb yake. Mwezi uliofuata nilisasisha, nikawasha upya, tatizo likarudi vile vile. Siku hizi nalihariri faili jipya kabla ya kuwasha upya. Nakala ya lile linalofanya kazi iko kwenye flashi, ndani ya droo ya mjomba, pamoja na ile adapta.