Doti ya vidoti niliyonunua Mtaa wa Uhuru, pamba tupu

Wadau, anayetaka kanga ya kweli na sio haya mapolista yanayoteleza mwilini, aende Mtaa wa Uhuru pale Dar, kwenye yale maduka ya jumla ambayo kanga zimepangwa mpaka juu darini. Mi nilikuwa namtafutia wifi yangu aliyejifungua, nikatoka na doti, yaani vile vipande viwili vya kanga vilivyoungana, moja ya maua na nyingine nyeusi ya vidoti vyeupe, na hiyo ya vidoti ndo nataka niiongelee maana kwangu mi hiyo ndo kanga yenyewe.

Yaani ukiitandaza unamuona kabisa yule ndege. Kanga wa porini si ana ule weusi wa kijivujivu na madoa meupe madogomadogo mwili mzima, basi wazee wa pwani wanasimulia vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoadoa hivyohivyo watu wakaviita kanga, na jina limebaki hata sa hivi tunavyovaa kanga za korosho na za mananasi. Wala hatuchanganyi, ukisikia kanga wameingia shambani unatafuta fimbo, ukisikia kanga zimelowa unakimbilia kwenye kamba. Mombasa wao wengi wanasema leso, na pale Biashara Street kuna wale wa Mali ya Abdulla, biashara ya ukoo iliyoanza 1887, kanga zao zinasifika mpaka huku kwetu.

Turudi kwenye doti yangu. Muuzaji kalowesha kona kwa maji akaisugua na kitambaa cheupe mbele yangu, haikuchuja hata kidogo, hapo ndo nikaridhika. Ikiwa mpya ina wanga inakakamaa, ila niliifua kwanza kwa maji ya chumvi kabla ya kupeleka ikalegea ikawa laini, sasa hivi mtoto anabebewa humo humo. Nje kuna fundi wa cherehani, anakutenganishia vipande na kuvipinda papo hapo, na huyu wa kwangu kashona mstari umenyooka haujala pindo, mafundi wengi hapo wanaharibu.

Kilichonifurahisha zaidi ni huduma. Nilikuwa nimeshashika moja rangi nzuri sana, yule mama muuzaji akaniuliza unampelekea nani, nikamwambia wifi, akaichukua mikononi mwangu taratibu akasema hiyo hapana mwanangu, soma jina. Imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO! Jamani mzazi yuko ndani na mtoto mchanga, mawifi wenyewe mnatujua, ningempelekea hiyo ingekuwa kesi ya ukoo mzima. Akanitafutia ya vidoti yenye WEMA HAUOZI na wifi alipoisoma akacheka akajifunga kifuani hapo hapo.

Kasoro ipo moja, kipande kimoja chapa imekwenda upande, vidoti vya mji, yaani ile sehemu ya katikati, vimepanda kidogo juu ya pindo, ukijitanda haionekani ila ukiitandaza kitandani unaiona. Kwa hiyo mwambieni afungue doti yote kabla hamjalipa, wasiwaoneshe kona tu. Na nendeni asubuhi, ikishafika mchana pale wanajaa wa jumla kutoka mikoani, mteja wa doti moja hasikilizwi.