Packet Tracer kwa Mwanafunzi wa Mitandao: Inapofaa na Inapoishia

Mwanafunzi anayesomea usanifu wa mitandao ya kompyuta chuo kikuu hukutana mapema na uhaba wa vifaa: darasa lina watu wengi, ruta na swichi ni chache, na zamu yake ya maabara humalizika kabla hajaelewa alichokuwa akikifanya. Packet Tracer, programu ya kampuni ya Cisco ya kuiga mitandao kwenye kompyuta, itolewayo bila malipo kwa yeyote aliyefungua akaunti ya Networking Academy, mpango wa mafunzo wa kampuni hiyo, hupunguza sana tatizo hilo, nami naipendekeza bila kusita kwa walio mwaka wa kwanza na wa pili.

Ubora wake umo hasa katika hali ya uigaji, ambamo kila pakiti, yaani kifurushi cha data, huonekana ikipita kifaa kimoja baada ya kingine. Wanaoanza hutuma ping, yaani pakiti za kupima kama kompyuta nyingine inafikika, kwenye mtandao wa pili, ya kwanza ikakosa jibu na zilizofuata zikajibiwa, nao huanza kubadilisha kebo na kufuta anwani zisizo na kosa lolote. Katika hali ya uigaji mwanafunzi hujionea kwamba ruta ilipokea pakiti ile, haikujua anwani ya MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao) ya kompyuta inayopelekewa, ikaitupa na kutuma kwanza ombi la ARP, yaani la kuuliza anwani hiyo. Ubaoni jambo hilo huchukua kipindi kizima, na bado wapo wanaotoka hawajalishika.

Hata hivyo, programu hii huiga tu. Haiendeshi mfumo halisi wa ruta, na amri nyingi za ngazi ya juu hazimo. Anayezihitaji atahamia GNS3, programu nyingine inayoweza kuendesha mfumo halisi wa ruta, ambayo hudai kompyuta yenye kumbukumbu kubwa.

Pengo kubwa zaidi liko upande wa kuandika programu. Packet Tracer huruhusu msimbo wa Python katika vifaa vidogo kama vihisi, lakini hilo halimfundishi mtu kuandika seva. Funzo hilo hupatikana kwa kutumia soketi za Python yenyewe, yaani njia ambazo programu hutumiana data mtandaoni, ambako mwanafunzi hugundua kwamba TCP, itifaki ya kusafirisha data hiyo, haihifadhi mipaka ya ujumbe, hivyo jumbe mbili zilizotumwa kila mmoja peke yake zaweza kupokelewa zikiwa zimeungana. Packet Tracer na soketi za Python zingefaa kufundishwa katika muhula mmoja.

Mhadhiri atangaze mapema toleo litakalotumika, kwa kuwa faili lililohifadhiwa katika toleo jipya halifunguki katika la zamani.