Coors Field, Denver: kiti, hewa na mkeka wa besiboli

Ukinunua tiketi ya Coors Field, uwanja wa besiboli wa timu ya Rockies hapa Denver, Colorado, chukua ghorofa ya juu upande wa besi ya kwanza. Milima ya Rocky utaiona yote, na uwanja mzima uko chini ya macho yako. Jioni jua litakupiga usoni, kwa hiyo kofia usiisahau, na mwezi wa saba beba koti jepesi la mvua maana radi za alasiri huku hazibishi hodi. Mimi huingia na maji ya chupa isiyofunguliwa na karanga zangu, hakuna anayenizuia mlangoni.

Huko juu kuna safu ya viti vya zambarau, safu ya 20. Ni alama ya mita 1,609 kutoka usawa wa bahari, yaani maili moja kamili. Binamu yangu wa Nairobi alipoiona alisema kwao wanaishi juu zaidi, na ni kweli kabisa. Ila hapa urefu huo unaonekana ndani ya mchezo. Hewa ni nyepesi, inaukamata mpira kidogo, na mpira uliopigwa sawasawa husafiri mbali zaidi kuliko ungesafiri pwani kama San Francisco. Makadirio mengi yanasema kati ya asilimia 5 na 10.

Hapo ndipo wabetiji wenzangu wa Aurora, mji jirani na Denver, wanapokimbilia. Rockies wakicheza nyumbani, kila mkeka unajazwa homurani, yaani pigo linaloupeleka mpira nje ya ukuta: fulani atauvusha ukuta, na fulani naye atauvusha. Mikeka hiyo inachanika wiki hadi wiki, na sababu unaiona kwa macho ukikaa juu pale. Waliojenga uwanja huu, uliofunguliwa 1995, walijua hewa ilivyo, wakazisogeza kuta nyuma. Katikati ni mita 126 hivi kutoka kwa mpigaji. Nyasi za nyuma ni pana mno, na wadakaji watatu hawawezi kuzifunika zote. Basi mpira unaodondoka mbele yao ni pigo safi, mpigaji anafika besi ya kwanza, unaopita katikati yao ni besi mbili, na ukiviringika hadi kona mwenye mbio anafika besi ya tatu. Zawadi kubwa ya uwanja huu kwa mpigaji ni hiyo, na wanaoangalia ukuta tu hawaioni.

Halafu kuna mipira yenyewe. Mwaka 1999 zilipigwa homurani 303 hapa katika msimu mmoja, rekodi kwa uwanja wowote. Tangu 2002 mipira huhifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 50, kwa sababu hewa kavu ya Denver huukausha mpira ukawa mgumu na kurukia mbali ukigongwa. Anayebeti leo kwa sifa za miaka ya tisini anabeti uwanja ambao haupo tena.

Kwa hiyo nikiweka dau la mchezaji mmoja mmoja, kwanza natazama mapigo na jumla ya besi anazopata kwa mapigo hayo, homurani baadaye sana. Pili natazama mrushaji. Mpira wa kupinda unapinda kwa sababu ya hewa inayousukuma unapozunguka. Hewa ikipungua, unanyooka. Mrushaji anayeishi kwa mpira wa kupinda akipanda Denver ananyang'anywa silaha yake, na idadi ya wapigaji anaowatoa kwa straiki tatu mara nyingi inashuka. Huyo nabeti kwamba atatoa wachache kuliko idadi iliyowekwa na kampuni ya kubeti, kama haijaishusha tayari. Tatu, natazama nafasi ya mpigaji kwenye orodha. Mchezo wenye alama nyingi huizungusha orodha haraka, na wa kwanza hadi wa tatu hupata zamu ya tano ya kupiga. Zamu moja ya ziada ni kitu kikubwa! Na mchezaji wa timu ngeni ana uhakika wa timu yake kupiga raundi ya tisa, ya mwisho, wakati wenyeji wakiwa wanaongoza hawapigi tena. Rockies wa 2025, walioshinda michezo 43 na kupoteza 119, hawakuongoza mara nyingi, na nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu ni timu yangu.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila ndugu anayeniuliza. Mwinuko wa Denver haubadiliki, kwa hiyo kampuni za kubeti zimeshautia kwenye bei siku nyingi; hapo huwapati. Cha kutafuta ni kinachobadilika: joto la siku hiyo, upepo, na warushaji wa akiba waliochoka kwa mfululizo wa michezo mirefu. Aprili hapa theluji inaweza kuanguka, na hewa ya baridi ni nzito kuliko ya Agosti. Chicago, pale Wrigley Field, upepo wa Ziwa Michigan leo unasukuma mpira nje na kesho unaurudisha ndani. Mwenye kuangalia bendera kabla ya mchezo anajua jambo. Denver nayo ina bendera, ziangalieni.

Colorado imeruhusu kubeti michezo tangu Mei 2020, kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Dau la mrusho mmoja mmoja wa mpira, yaani kubashiri mrusho unaofuata utakuwaje, mimi siligusi, na nilifurahi Novemba 2025 lilipowekewa kikomo cha dola 200 na kutolewa kwenye mikeka ya kuunganisha dau kadhaa. Mrushaji anaweza kuhongwa kwa urahisi mno auharibu mrusho mmoja, na mchezo huu naupenda kuliko faida yoyote.

Kama una watoto, chukua viti vya Rockpile nyuma ya katikati. Ni mbali na mpigaji, ila bei ni nafuu na upana wa zile nyasi unauona vizuri kuliko mahali pengine popote. Gari iache nyumbani. Treni hadi Union Station, kisha unatembea dakika chache tu.