Big Pit, Blaenavon: ukitoka mgodini usikimbilie basi

Big Pit ni mgodi wa zamani wa makaa ya mawe huko Wales, sasa ni makumbusho. Kabla ya kuteremka walituvua kila chenye betri: simu, saa, hata ufunguo wa gari wa rafiki niliyekwenda naye. Nilinuna kidogo, kisha nikaelewa: penye gesi ya makaa ya mawe, cheche moja inatosha. Wakatuvika kofia ngumu, taa ya kichwani na mkanda mzito wenye betri na kifaa cha kupumulia, tukabanana kwenye kizimba cha chuma. Mita 90 kwenda chini. Mimi mtoto wa Geita, habari za maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, nimezisikia tangu sijaanza shule, ila kuteremka sijawahi. Nimekuja kuteremka Wales!

Aliyetuongoza ni mzee aliyechimba makaa kwa mikono yake, si kijana aliyekariri maelezo. Lafudhi yake ilinipita mara kadhaa, lakini alipotuamuru tuzime taa sikuhitaji mkalimani. Niliinua kiganja mbele ya macho, sikukiona. Akasema kwenye giza kama lile watoto walikaa kutwa wakifungua na kufunga milango ya hewa, mpaka sheria ya mwaka 1842 ilipowaondoa chini ya ardhi wanawake wote na wavulana wa chini ya miaka 10. Aliyetimiza 10, kazini.

Mgodi ulifungwa 1980, wageni wakaanza kuingia 1983. Huko juu yapo mabafu ya wachimbaji ya mwaka 1939, na hapo ndipo nilipoganda. Kabla ya mabafu hayo mwanamume alirudi nyumbani mweusi tii, akaogea kwenye beseni la bati mbele ya moto. Maji alichemsha nani? Mkewe. Akiwa na wana watatu nao wachimbaji, piga mwenyewe hesabu ya ndoo. Sielewi kwa nini watu hupita mle mbiombio.

Wengi wakishatoka hapo hupanda basi. Wewe teremka mjini. Tanuri za chuma zilizoanza 1789 zitazame, ni magofu mazuri, lakini usikose Workmen's Hall. Jengo hili la miaka ya 1890 wafanyakazi walilijenga kwa kukatwa nusu peni ya mshahara kila wiki. Nusu peni! Wakapata maktaba na ukumbi wa mikutano, na sinema huonyeshwa humo hadi leo. Nimechangia harusi na misiba isiyo na idadi, lakini mchango uliozaa ghorofa la mawe sijauona. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikilikodolea macho, mpaka bibi mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Nyota tano. Mtoto asiyefika urefu wa mita moja hateremshwi mgodini, na anayeogopa kubanwa abaki juu kwenye mabafu. Mvua ya huko haijui Julai. Nilikwenda Jumapili na raba za kitambaa, zikakauka Jumatano.